Kibali cha Kuumwa

Naandika haya kwa sababu nilipokuwa nimelala chali nikihesabu mabati ya wodini, nilitamani kumpata mtu mmoja tu aliyewahi kuumwa mgongo kama mimi, mwenye karatasi kama zangu, aniambie mambo yake yalikwendaje. Sikumpata. Waliopona niliowaona walikuwa na vitambulisho vya nchi. Wenye karatasi kama zangu walikuwa mbali, kambini, na sikujua nani kapona na nani hakupona. Kama na wewe uko mahali unasubiri jina lako liitwe, haya ndiyo yaliyonipata. Namna ugonjwa unavyofanya kazi ndani ya mfupa sitaieleza. Muulize daktari wako, na usipomwelewa muulize tena, hata kama foleni inaguna nyuma yako.

Naitwa Sifa. Nilizaliwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, kwa Wabembe. Tulivuka mimi na mama nikiwa na miaka kumi na mmoja. Baba alibaki kufunga nyumba na hatujapata habari yake mpaka leo. Tulikaa kambini Kigoma miaka saba. Kisha Shangazi Nyota, dada yake baba, ambaye alivuka zamani akaolewa na Mnyaturu wa Ihanja, Singida, akatuma barua ya kutualika. Ofisi ya kambi ikatupa kibali cha kumtembelea, miezi mitatu. Ni karatasi moja yenye picha zetu, mhuri, na tarehe ya kurudi.

Tulifika Ihanja mvua zimeshika, alizeti imefika magotini. Mume wa shangazi, Mzee Ntandu, alikuwa mtu wa maneno machache na taratibu nyingi. Asubuhi ya kwanza alimchukua mama mpaka kwa mtendaji wa kijiji, tukaandikwa kwenye daftari la wageni. "Mgeni wangu lazima ajulikane," alisema. Hakusema kwa ubaya. Ila jioni hiyo nilimsikia akimwambia shangazi, uani, wakidhani nimelala: "Wakae, wale. Lakini mtu asije akaugua hapa au akafa hapa kwa karatasi ya miezi mitatu. Nitaeleza nini?"

Maneno hayo niliyashika kuliko alivyokusudia.

Mgongo ulianza wakati wa palizi. Mwanzoni nilidhani ni jembe. Kila mtu anaumwa mgongo wakati wa palizi. Shangazi mwenyewe alikuwa akijinyoosha ukutani kila jioni. Lakini wa kwake ulikuwa ukipona asubuhi na wangu haukupona. Nilianza kutokwa jasho usiku mpaka shuka linaloa, nikawa naamka kabla ya mama kulianika. Sketi zangu zikalegea kiunoni. Mama aliona. Alinipeleka kwenye zahanati, nikapewa vidonge vya maumivu, nikavimeza, nikasema nimepona. Sikuwa nimepona. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu: tukionekana wazima wenye nguvu, shangazi atatuombea tuongezewe muda. Nikionekana mgonjwa, tutarudishwa kambini kabla alizeti haijachanua.

Nilificha wiki nyingi. Nikifikiria sasa naona ni kitu cha kijinga, lakini wakati ule kilikuwa kazi yangu, na niliifanya vizuri.

Miguu ndiyo iliyonisaliti. Ilianza kwa kulala. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachambua mlenda, nikataka kusimama, mguu wa kushoto ukabaki pale pale kama wa mtu mwingine. Nikaupiga ngumi na nikasikia ngumi mkononi, siyo mguuni. Siku chache baadaye, tukiwa shambani tunakata vichwa vya alizeti, nilianguka kifudifudi kati ya mistari. Nilimsikia mama akiniita, nikamsikia Mzee Ntandu akiacha panga lake chini. Sikuogopa. Nakumbuka nilikuwa natazama mdudu mwekundu kwenye bua la alizeti, nikawaza tu kwamba sasa wamejua.

Mzee Ntandu ndiye aliyenibeba mpaka barabarani. Mtu yule ambaye sikuwahi kumgusa hata mkono, kwa heshima, alinibeba mgongoni kama mtoto. Njiani nilimwambia, "Nisamehe, mzee." Akasema, "Nyamaza, usipoteze pumzi."

Hospitali ya mjini nilifikishwa kwa gari la mtu wa mnadani. Kwenye dirisha la mapokezi kijana aliyekuwa zamu aliuliza bila kuinua macho.

"Namba ya NIDA?"

"Sina."

"Bima?"

"Sina."

"Unakaa wapi?"

"Ihanja."

"Mnyaturu wewe?"

"Mbembe."

Hapo akainua macho. Nilimpa karatasi ya kibali. Aliisoma mbele, akaigeuza nyuma ambako hakuna kitu, akaisoma mbele tena. Aliita mwenzake. Mwenzake naye akaisoma. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na mashine inayotaka namba ya kitambulisho na mimi sikuwa na namba. Tuliambiwa tusubiri kwenye benchi, na tukasubiri tangu saa tatu mpaka jua likahama upande wa pili wa ua. Nilikuwa nimelazwa benchini, kichwa kwenye mapaja ya mama, miguu imening'inia. Watu walipita wakaitazama miguu.

Aliyetutoa pale ni dada mmoja wa ustawi wa jamii, mnene, mwenye kalamu nyuma ya sikio. Kama utasahau yote mengine niliyoandika, kumbuka hili: kila hospitali kubwa ina mtu wa ustawi wa jamii. Muulizie kwa jina la kazi yake. Sisi hatukujua kuna mtu kama huyo; ni mfagizi aliyetuonea huruma akaenda kumwita. Dada yule alijaza fomu, akapiga mhuri, akasema, "Mtoto ataonwa. Mambo ya karatasi niachieni mimi." Nikaonwa.

Sasa nifike kwa daktari, maana hapo ndipo mimi na mama tulipotengana, ingawa tulikuwa chumba kimoja.

Kiswahili cha kwetu na cha hapa ni kimoja na siyo kimoja. Mimi nilizoea cha hapa kwa redio na kwa wachuuzi wa kambini. Mama hakuzoea. Daktari, kijana mwenye miwani, alimuuliza kwa upole kwa nini alichelewa kunileta.

Mama akasema, "Sikukawia. Mutoto alianza kugonjwa mugongo, nikamupeleka kwa muganga."

Niliona uso wa daktari ukibadilika. Kwetu muganga ni daktari, ni nesi, ni mtu wa zahanati. Kwake mganga ni yule wa tunguri na hirizi.

"Kwa mganga," alisema. "Na mganga alimpa nini?"

"Kinini."

"Ndiyo, nakuuliza. Alimpa nini?"

"Kinini!"

"Mama, mimi ndiye ninayeuliza."

"Na mimi nakujibu. Kinini. Kinini cheupe."

Kinini kwetu ni kidonge. Ungekuwa wakati mwingine ningecheka mpaka nikalia. Nililala pale kwenye kitanda cha kupimia, mgongo unawaka na miguu haipo, nikawasikiliza wakipigana kwa neno moja. Kabla sijafungua mdomo daktari alikuwa ameshasema, kwa sauti ya uchovu, kwamba watoto wanaharibika kwa sababu wazazi wanaanzia kwa waganga. Nilimweleza. Alielewa, akamwomba mama radhi, na aliomba kwa kweli. Lakini mama alikuwa ameshafunga mdomo. Tangu siku ile, mbele ya mtu mwenye koti jeupe, mama hakusema tena. Alinitazama mimi niseme.

Picha ya mgongo ilipotoka, daktari aliiweka kwenye taa. Mifupa miwili ilikuwa imeliwa kama mkate uliopitiwa na panya. Akasema ni kifua kikuu, kimekaa kwenye mfupa.

"Lakini hukohoi," mama aliniambia mimi, siyo daktari.

"Siyo lazima akohoe," daktari alisema. Kisha akanitazama. "Sitakuficha. Tunaanza dawa leo, miezi kumi na miwili, bila kuruka hata siku moja. Lakini uti wa mgongo umebanwa. Unaweza kupooza."

Mama akafumba macho akakutanisha viganja. "Aksanti, Mungu," alisema. Halafu kwangu: "Nimesikia. Anasema unaweza kupoa."

Kwetu kupoa ni kupona. Daktari alikunja uso. Aliniangalia anisubiri nimrekebishe mama. Nilikuwa na sekunde kama tatu.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nitapoa."

Sikujisikia muongo. Sikujisikia kitu. Ndani kulikuwa kimya kama miguuni.

Nilikaa wodini wiki sita, wakati wa upepo. Aliyewahi kuishi Singida anaujua upepo wa miezi ile, unavuma mchana kutwa kutoka kwenye yale mawe makubwa ya huko na kuingiza vumbi kwenye kila ufa. Nililazwa chali kwenye godoro gumu. Niligeuzwa kila baada ya saa mbili kwa ratiba, mama akishika mabega na nesi akishika nyonga, "moja, mbili, tatu," kama watu wanaohamisha kabati. Nikavishwa mpira wa mkojo. Mkojo wangu, kwa sababu ya dawa, ulikuwa rangi ya chungwa, na mfuko ulining'inia kando ya kitanda kila mgeni auone. Mwanzoni nilimwambia mama aufunike na kitenge. Baada ya wiki mbili sikumwambia tena.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Wenzangu wa umri huo wanajua miili yao kwa kioo. Mimi niliujua wangu kwa kuambiwa. Nesi alisema, "Kisigino kimeanza kuwa chekundu," nikasema sawa. Mama alisema, "Umekonda mapaja," nikasema sawa. Uvimbe mgongoni, kati ya mabega na kiuno, niliugundua mwenyewe kwa kidole, siku moja nikijikuna. Ulikuwa mgumu na umechomoza kama kifundo cha mguu. Niliurudisha mkono wangu tumboni na kuendelea kusikiliza redio ya jirani.

Jirani huyo aliomba ahamishwe kitanda alipojua ninaumwa nini. Nesi alimweleza kwamba wangu hauambukizi, haumo kifuani. Alihamishwa hata hivyo.

Katikati ya wiki zile tarehe ya kibali ikafika. Mama aliniambia asubuhi, akinichana nywele: "Leo ndiyo leo." Tulitazamana. Hatukuwa na mpango wowote. Mchana Mzee Ntandu akatokea mlangoni, kofia mkononi. Hakuingia, kwa sababu nilikuwa nimelala, na kwake msichana aliyelala haingiliwi chumbani hata chumba kikiwa na vitanda ishirini. Nilimwamkia kutoka kitandani, "Shikamoo, mzee," akajibu "Marahaba" kutoka mlangoni, wodi nzima ikatusikia.

Alikuwa amepita kwa mtendaji, amepita kwa dada wa ustawi, amechukua barua ya daktari. Kwenye barua imeandikwa kwamba mgonjwa hawezi kusafirishwa, na kwamba matibabu ni miezi kumi na miwili. Barua ikatumwa ofisi ya kambi. Baada ya siku ambazo sikuzihesabu, jibu likarudi: tumeongezewa muda mpaka mwisho wa matibabu. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, mpaka mwisho wa matibabu.

Shangazi alipiga vigelegele kwenye simu. Mimi nikawaza jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeficha ugonjwa ili tusirudishwe, na sasa ugonjwa ndio uliotubakiza.

Nilipotoka wodini hatukurudi Ihanja, ni mbali na kliniki. Tulikwenda Mandewa, pale pale mjini, kwa dada yake Mzee Ntandu, Bi Mwanaidi. Alizaliwa Mkristo kama kaka yake, akaolewa na Mwislamu, sasa ni mjane. Nyumba yake ina vyumba vitatu na alitupa kile chenye dirisha. Yeye ndiye aliyekubali kuwa msimamizi wa dawa zangu, maana kliniki inataka mtu anayekuona ukimeza. Kila asubuhi, akishamaliza sala yake, aliingia na uji wa uwele na vidonge kiganjani. Alisimama mpaka nimemeza, akasema "Fungua," nikafungua mdomo aone, akasema "Alhamdulillahi." Miezi yote niliyokaa kwake hakuruka hata asubuhi moja. Mwezi wa Ramadhani alinipikia uji na yeye amefunga. Nilipomwomba radhi alisema, "Mimi nimefunga, wewe hujafunga. Kunywa."

Yapo mambo madogo ya namna hiyo niliyoyahifadhi. Dada wa ustawi alituletea kiti cha magurudumu cha kuazima, tairi moja lina kiraka. Nesi Paskalina wa kliniki ya kifua kikuu alikuwa akinipitisha mlango wa nyuma ili nisikae foleni nikiwa nimelowa mkojo. Sikuwashukuru ipasavyo. Nilikuwa nasema asante kama mtu anayesoma kibao.

Mwezi wa nne wa dawa, joto la Oktoba likiwa limekauka mpaka midomo inapasuka, mama aligundua.

Bi Mwanaidi alikuwa uani anamsimulia habari za mtu wa mtaa wa pili. "Alianguka kwenye mti, akapooza. Mwaka wa nne huu."

Mama akasema, "Aksanti, Mungu. Kwa hiyo alipoa."

"Hajapoa, dada. Alipooza. Miguu imekufa. Anabebwa."

Niliyasikia yote kupitia dirishani. Sufuria ikawekwa chini. Mama akaingia akasimama miguuni pa kitanda.

"Kupooza ni kupoa?"

"Hapana, mama."

"Siku ile, ulijua?"

"Nilijua."

"Miezi mine," alisema. "Miezi mine nimepiga magoti nikishukuru."

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Ila siku tatu hakusema nami neno. Alinigeuza, alinilisha, alinisafisha, mdomo umefungwa. Bi Mwanaidi alijaribu kutupatanisha akashindwa. Nilitaka kumweleza mama kwamba sikumdanganya kwa kutompenda. Lakini kueleza kulitaka nguvu ambazo sikuwa nazo, na nilijiambia kwamba hata hivyo hakuna kinachobadilika.

Siku ya tatu, mchana, aliniketisha kitandani na mkanda wangu mgumu wa plastiki niliopewa hospitali, unaonibana kuanzia kwapani mpaka kiunoni. Akaleta beseni aninawishe miguu. Siku zote alichanganya maji kwanza, akayapima kwa kiwiko. Siku hiyo mawazo yake hayakuwepo. Alimimina ya jikoni moja kwa moja, akaushika mguu wa kulia akautumbukiza.

"Mama, maji ya moto," nikasema.

"Nyamaza," alisema. Lilikuwa neno la kwanza baada ya siku tatu. Halafu mikono yake ikaganda ndani ya beseni. Na yeye yalikuwa yanamuunguza, lakini hakuitoa.

"Umesema nini?"

"Yanaunguza."

"Wapi?"

"Mguuni."

Aliutoa mguu akaukumbatia kifuani, maji yakachuruzika kwenye blauzi yake, akamwita Bi Mwanaidi kwa sauti ambayo mtaa mzima ulitoka. Wanawake wakaja. Kila mmoja akanifinya kidole cha mguu. "Hapa je? Na hapa?" Wakashangilia. Mimi nilikuwa katikati yao nimekaa wima kama mche wa sabuni ndani ya plastiki yangu, nasubiri furaha ije. Haikuja. Kilichokuja ni kuungua tu, na malengelenge mawili juu ya mguu ambayo yameniachia kovu. Nimekuja kujifunza kwamba mwili na moyo havirudi siku moja. Kama na wewe umepewa habari njema ukabaki unaitazama tu, usijione una roho mbaya. Ngoja.

Kutembea kulichukua mvua nzima. Kwanza kukaa pembeni ya kitanda bila kizunguzungu. Kisha kusimama nimeshika dirisha, Bi Mwanaidi akihesabu mpaka ishirini kwa sauti. Kisha hatua, na fremu ya chuma ya hospitali, kutoka mlangoni mpaka kwenye tangi la maji. Matope yalipokuja ikabidi nitembee barazani tu, kwenda na kurudi, mpaka nikajua kila ufa wa sakafu. Mguu wa kushoto ulivuta. Bado unavuta kidogo. Vidole vyake viwili vya mwisho havijarudi, na Nesi Paskalina ameniambia huenda visirudi.

Mwezi wa nane wa dawa nilirudi Ihanja kwa fimbo moja. Shangazi alipoona uvimbe mgongoni mwangu, chini ya blauzi, aligeuza uso haraka akajifanya anaita kuku. Nilimwambia, "Shangazi, tazama tu. Ndivyo nilivyo sasa." Akatazama. Akaweka kiganja chake pale akakiacha muda mrefu. Tangu hapo hatujawahi kuuona kuwa jambo. Blauzi zangu zote tulizipanua nyuma, yeye na mimi, kwa mkono.

Kwa hiyo, kama unataka kujua inaishaje: unatembea. Huinami kama zamani, hubebi mzigo, na ukikaa muda mrefu mgongo unakukumbusha. Una umbo jipya ambalo watoto wa njiani watalitaja. Lakini unakwenda mwenyewe chooni, na hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Meza dawa zote, hata mwezi wa tisa unapojiona mzima. Sema maumivu siku yanapoanza, usifanye hesabu kama yangu. Na mzazi wako asiposikia lugha ya daktari, usimtafsirie unachotaka asikie. Nimeyalipia hayo mawili ya mwisho.

Imebaki siku moja ya kusimulia.

Ilikuwa siku ya mwisho ya dawa. Alizeti ilikuwa imekauka tena mashambani, vichwa vimeinama. Nilikwenda mjini na mama, nikapigwa picha, tukasubiri, tukaitwa. Daktari alikuwa yule yule wa miwani. Aliweka picha mpya kando ya ile ya zamani, akaziangalia kwa muda. Akanitembeza chumbani, kwa visigino, kwa vidole. Akagonga magoti yangu.

"Mfupa umefunga," alisema. "Dawa zimeisha leo. Kuna maumivu yoyote?"

Akaendelea, akiwa ameshika kalamu, bila kujua anachokisema: "Kama bado unaumwa niambie. Nitakuandikia miezi mitatu mingine ya uangalizi, tuone."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliyaelewa maneno hayo yote, hakuhitaji mkalimani. Nilisikia mkono wake ukinigusa begani, mwepesi, kisha mzito. Miezi mitatu mingine ya Ihanja. Shangazi, kuku, chumba chenye mlango wetu wenyewe. Hakuna ambaye angejua. Mgongo wenye mfupa ulioliwa, nani angebisha kwamba unauma?

Nilijiuliza kwa kweli kama unauma. Nilipita mwili mzima kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kufunga. Kulikuwa na kukaza kidogo, chini. Kulikuwa na vile vidole viwili. Maumivu hayakuwepo.

"Siumwi, daktari," nikasema.

Sikusema kwa ujasiri. Nilikuwa nimechoka kuusemea mwili wangu uongo, nimeusemea ukiwa mgonjwa, sikutaka kuusemea ukiwa mzima. Daktari akatabasamu, akaandika kwenye kadi kwamba nimemaliza matibabu, akamgeukia mama akampa mkono. "Hongera, mama. Umemuuguza vizuri."

"Aksanti, daktari," mama alisema. Ndiyo mara ya kwanza kumjibu tangu mwaka uliopita.

Tulitoka. Nje ya kliniki kuna benchi la saruji na mwarobaini wenye kivuli kidogo. Mama akakaa. Nikakaa taratibu, kwa namna yangu. Hakunitazama. Watu wa foleni walikuwa wengi, wengine wamefunika midomo kwa khanga. Nilisubiri anilaumu. Nilijua tarehe: mwisho wa matibabu ulikuwa umeandikwa kwenye kadi mkononi mwangu, na kabla ya mwezi kwisha tungekuwa kwenye basi la Kigoma. Na ndivyo ilivyokuwa.

"Nilikuwa naomba useme unaumwa," alisema mwishowe. "Na nilikuwa naomba iwe kweli huumwi. Yote mawili kwa pumzi moja. Sijui Mungu alinisikiaje."

"Alisikia la pili, mama."

Alitikisa kichwa kama mtu anayekubali bei. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi, ambaye sikulia shambani, sikulia wodini, sikulia maji ya moto yaliponipata, nikasikia uso wangu umelowa. Kifua kilipanda na kushuka chenyewe. Kiliuma, ule upande uliobadilika umbo, kwenye mbavu. Tulilia pale benchini tumeshikana, mchana kweupe, kadi ya kupona iko mapajani mwangu.

Mwanamke mmoja akatoka kwenye foleni akatujia. Alikuwa mtu mzima, amejitanda khanga nyeusi, anakohoa pembeni. Alidhani tumefiwa. Alitushika mikono yote, mmoja mmoja, akasema, "Poleni sana, wanangu. Poleni. Mungu awatie nguvu."

Hatukumwambia kwamba nimepona. Mama alimwitikia, na mimi nikamwitikia. Tukaipokea pole yake.